Visu vya Mafundi Wasio na Jina: Hela Yako Inalipia Nini?

Habari zenu watazamaji, karibuni. Mezani leo nina visu vitatu, vyote vya kazi ya mkono, na wahunzi wake sidhani kama mmewahi kuwasikia. Kisu cha kampuni kubwa kikiharibika, unajua pa kulalamika. Hivi havina hilo. Usipojua pa kuangalia, utauziwa mbuzi kwenye gunia.

Naanza na hiki chenye mawimbi, maana najua macho yenu yalishakikimbilia. Ndicho ghali kuliko vyote. Wanakiita Damascus: feleji za aina mbili zinapangwa tabaka juu ya tabaka, zinaungwa motoni kwa nyundo, kisha bapa linachovywa kwenye asidi. Feleji moja inageuka nyeusi, ile yenye nikeli inabaki ikimeremeta. Mtindo huu ulipamba moto upya baada ya mhunzi Mmarekani Bill Moran kuonyesha visu vyake vya namna hii mwaka 1973, na siku hizi kila mtu anataka mawimbi.

Shida ni kwamba mawimbi yanachorwa pia. Ngoja nisogeze kamera. Tazama mgongo wa kisu. Huu mstari unaopanda ubavuni unavuka mgongo, unashuka upande wa pili. Umeuona? Huu ni wa kweli. Wa kuchorwa unaishia ukingoni, mgongo unabaki mtupu. Kuna mafundi wanaosugua mgongo mpaka mistari ifutike; hapo mwombe aupake asidi kidogo, kama ipo itarudi.

Haya, ni ya kweli. Kinakata? Hilo ni jambo jingine kabisa, na mawimbi hayawezi kukujibu. Nilimuuliza muuzaji wametumia feleji gani, akaniambia "feleji bora kabisa". Jamani, hilo si jibu! Anayeijua kazi yake atakutajia bila kusita: 1084 na 15N20, kwa mfano, ambayo ni majina ya aina za feleji.

Kisu kinapata thamani yake motoni. Chukua feleji ya 1095, yenye kaboni kama asilimia 0.95. Fundi anaipasha hadi sumaku isiishike tena, karibu nyuzijoto 770, anapandisha moto kidogo, kisha anaitosa kwenye mafuta. Hapo imekuwa ngumu, lakini ukiidondosha inaweza kuvunjika kama kioo. Lazima irudishwe kwenye joto dogo, kama nyuzi 200 hivi, kwa saa mbili, na wengi hufanya hivyo mara mbili, ndipo inatulia. Fundi aliyelipua hatua hii huwezi kumkamata kwa macho, kwa sababu kisu chake kitang'aa vilevile.

Kwa hiyo tunakipima. Hii ni tupa nzuri, haijachoka. Naipitisha taratibu karibu na mpini, pasipoonekana sana. Sikilizeni... inateleza, inalia kama inapita juu ya kigae. Chuma kimeiva. Ingeng'ata na kutoa unga, makali hayo ni laini. Ila usikate tamaa ikikwaruza kidogo mwanzoni. Ngozi ya juu ya chuma huungua motoni na kupoteza kaboni, ndani pakawa sawa.

Kipimo cha pili nakipenda zaidi. Nalaza makali juu ya fimbo nyembamba ya shaba, nakandamiza. Mnaona ukingo unavyopinda kidogo? Naachia, unarudi. Ungebaki umepinda, chuma ni laini. Ungemeguka, ni kigumu kupita kiasi. Kisu chenye mawimbi kimepita, na hiki cha tatu, chembamba cha 1095, kimepita pia.

Hiki cha pili kimetokana na springi ya gari. Watu hupenda kusema springi zote ni feleji ya 5160. Si kweli, springi kuukuu huwezi kujua ni feleji gani mpaka ipimwe, na huenda ina nyufa zisizoonekana. Chuma cha hiki ni kizuri, tupa imeteleza. Tatizo lake ni unene. Kalipa, kifaa cha kupimia unene, inasoma milimita 0.8 nyuma kidogo tu ya makali, wakati kile chembamba ni 0.3. Kwenye kartoni nene kinakwama katikati hata kikiwa kimenolewa hadi kinanyoa vinyweleo.

Kwenye mpini sitachelewa. Msuka, yaani mkia wa chuma wa kisu, ukiwa mrefu na umezama ndani ya mpini hauna ubaya, wanaosema lazima uonekane pande zote wanatia chumvi. Mbaya ni kijisuka kifupi kilichochomelewa. Pitisha ukucha pale mti unapokutana na chuma: ukinasa, maji yataingia, kutu itafuata.

Swali moja tu muulize fundi: umewahi kuvunja kisu chako makusudi? American Bladesmith Society, chama cha wahunzi wa visu cha Marekani kilichoanzishwa 1976, humtaka anayeomba daraja la Journeyman, yaani fundi aliyehitimu, akate kamba inayoning'inia kwa pigo moja, akate ubao mara mbili, kisu hichohicho kiweze bado kunyoa, kisha kikunjwe nyuzi 90 bila kukatika vipande viwili. Fundi wako si lazima awe na cheti. Lakini ambaye hajawahi kuvunja hata kimoja anakuuzia matumaini.

Sasa bei. Chembamba, chukua hata kesho, ingawa ala yake ni ya hovyo. Chenye mawimbi ni kisu kizuri, ila zaidi ya nusu ya bei ni urembo, na mimi singelipa. Cha springi, mshushe bei kwanza, kisha ukipunguze unene kwa mashine ya msasa. Kiguse kwa kidole kila mara. Kikianza kuunguza, tosa majini haraka. Ukingo ukishageuka rangi ya bluu, ule ugumu wa pale umeondoka, na kunoa hakuurudishi.