Draivu ya kuchomea CD imenigomea, kastama kea wakaniona mwizi, Linux imeingia hivyo hivyo

Naandika nikiwa bado na hasira kwa hiyo nikipandisha mnivumilie. Jina la kampuni silitaji, sitaki kesi na watu, ila ni ile draivu ya nje ya kuchomea CD na DVD, nyembamba, unaichomeka kwa waya wa USB, na kwenye boksi wameandika maneno matamu kweli kweli.

Mi nilikuwa nataka kitu kimoja tu, kuweka Debian (aina mojawapo ya Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows) kwenye kompyuta yangu ya zamani ambayo Windows XP yake imechoka hata kufungua folda inawaza kwanza. Na kabla hujaniambia "si utumie flashi", subiri. BIOS (ile programu ndogo inayoamsha kompyuta) ya hiyo mashine kwenye kubuti, yaani kuchagua iwake kutoka wapi, inakupa flopi, hadi diski na CD, basi. Flashi haiioni hata uichomeke na maombi. Yenyewe CD inasoma vizuri tu, ila haina uwezo wa kuchoma, ndo maana nikanunua hii draivu niitumie kwenye laptopu, ichome diski moja, moja tu jamani, mengine ningemalizana nayo mwenyewe.

Haikuchoma. Yaani inaanza vizuri, asilimia zinapanda, unakaa unaangalia na moyo unatulia, ikifika mwishoni kabisa kwenye kufunga diski inanyamaza, taa inapepesa pepesa, halafu inakutemea diski na ujumbe wa hitilafu usioeleweka. Na hiyo diski sasa si tupu wala si nzima, kuichoma tena huwezi na haisomeki popote. Nikashusha spidi mpaka ya chini kabisa, nikabadilisha waya, tundu la USB, programu ya kuchomea, aina ya diski, wapi. Inafia pale pale. Ingegoma mwanzoni ningeielewa, ila hii inakusubirisha kwanza halafu ndo inakukatalia. Na faili langu la ISO (nakala nzima ya CD ya Debian ndani ya faili moja) lilikuwa zima kabisa, nilipiga SHA256, ile namba ya kuhakiki faili, nikalinganisha na ile waliyoiweka Debian kwenye faili lao la SHA256SUMS herufi kwa herufi, kwa hiyo hapo hamna cha kunisingizia.

Nikawaandikia kastama kea. Nikaeleza kila kitu kwa adabu, na picha ya ule ujumbe nikaweka. Swali la kwanza: "Ndugu mteja, faili unalochoma ni la nini?" Nikajibu ni Linux, Debian. Kimya kirefu. Halafu likaja hili jibu ambalo mpaka leo nikilikumbuka mate yananikauka: "Ndugu mteja, tunashauri utumie programu halali. Programu za kudaunlodi bure zinaweza kuharibu kifaa na warantii haitahusika."

Halali! Mimi! Debian ipo tangu 1993, kernel ya Linux, yaani kiini chake, Linus Torvalds aliianza 1991 na iko chini ya leseni ya GPL inayokuruhusu waziwazi uitumie, uikopi, umgawie na mwenzako, uibadilishe ukitaka, leo hii unaniambia mimi ni mwizi wa programu? Na huyo aliyenijibu kama simu yake ni Android basi anatembea na kernel ya Linux mfukoni kila siku, aanze kujikamata mwenyewe. Halafu hivi draivu inajua nini kuhusu uhalali? Yenyewe inachoma data, haijui kama ni Linux au picha za harusi. Nikamwandikia nikamwambia haya kwa lugha laini kidogo kuliko hii, akafunga tiketi akaandika "imetatuliwa". Imetatuliwa na nani? Mimi diski mbovu zimejaa mezani wewe unaandika imetatuliwa.

Basi. Nikaamua CD siitaki tena na draivu siigusi.

Sasa hapa ndo raha ilipo na ndo sababu ya kuandika, maana wengi mna hizi mashine na mmezikatia tamaa. Kwenye seva za Debian, kule kwenye mafaili ya instola (programu ya kusakinisha), kuna folda inaitwa hd-media, imekaa kimya wala hakuna anayeitangaza. Ndani kuna vmlinuz, ambayo ni kernel yenyewe, na initrd.gz, yenye instola ya kuanzia. Unavichukua hivyo viwili unaviweka kwenye hadi diski yako, na pembeni unaweka faili la ISO kama lilivyo, usilifungue. Kinachobaki ni kitu cha kuviamsha, mi nimetumia GRUB4DOS (programu ya bure ya kuwashia mifumo), unakopi faili lake la grldr kwenye C, unaongeza mstari mmoja kwenye boot.ini, faili la Windows XP lenye orodha ya mifumo ya kuwasha, ukiwasha kompyuta unaona chaguo la pili chini ya Windows. Ile menu.lst, orodha ya GRUB4DOS yenyewe, unaiandika kwa mkono, mstari wa kernel na mstari wa initrd. Instola ikishaamka inapekua patisheni zote (vipande vya hadi diski) kutafuta ISO, ikiipata inaendelea kama vile umeingiza CD. Hamna diski, hamna flashi, hamna mtu wa kukuita ndugu mteja.

Skrini ya kuchagua lugha ilipotokea nilipiga kelele mpaka watu wakaja kuuliza kuna nini.

Mitego ipo lakini. Hizo vmlinuz na initrd lazima ziwe za toleo lile lile la ISO, ukichanganya itakulalamikia kuwa moduli za kernel hazipo na itakugomea. Pia patisheni yenye ISO huwezi kuifuta wakati inatumika, kwa hiyo tenga kipande kidogo cha FAT32 uiweke humo, usiiache katikati ya sehemu unayotaka kuifomati, na vitu vyako vya maana vihamishe kwanza kwenye diski nyingine. Na kama prosesa yako ni ya 32-bit kama yangu chukua Debian 12, maana 13 iliyotoka 2025 haina tena instola ya i386, yaani ya hizo prosesa za 32-bit. Hilo nalo linaniuma ila angalau wao walisema mapema, hawakuniita mwizi. Kama mashine yako inabuti na flashi achana na haya yote, ISO ya Debian unaiandika moja kwa moja kwenye flashi kwa Rufus kama uko Windows au kwa amri ya dd kama uko Linux na maisha yanaendelea.

Tukirudi kwenye draivu. Mwanzo nilitaka kuipa sifuri. Halafu nikawaza, ingechoma ile diski hd-media nisingeijua kabisa, na kusema kweli hii njia ni tamu kuliko CD, hadi diski inasoma haraka, hamna kusubiri ile milio ya diski inazunguka. Kwa hiyo pengine nyota mbili, kwa kunilazimisha. Na DVD za kawaida za filamu inasoma, nilijaribu, inasoma bila shida, basi hata tatu... hapana bwana. Nimefungua tena ile tiketi sasa hivi kuhakiki maneno yao, "imetatuliwa" bado ipo pale kwa rangi ya kijani. Sifuri. Msinunue. Waya wake wa USB ni mzuri, huo nimebaki nao nachajia spika, mwenye shida ya draivu yenyewe aje achukue bure ila warantii asiulize.