Bunduki dola 250, risasi ndizo zinazokula mshahara: uzoefu wangu wa .22 huku Ohio

Mwaka 2014 nilikwenda JKT kwa mujibu wa sheria, na siku ya shabaha kila mmoja wetu alipewa risasi kumi za SMG. Kumi tu, baada ya wiki nzima ya kubeba bunduki tupu na kuimba. Nilirudi kambini bega linauma na moyo unataka kumi nyingine. Hamu hiyo haikuniisha. Kwa hiyo nilipobahatika kwenye bahati nasibu ya grini kadi nikahamia Columbus, nikakuta duka la bunduki liko ukuta kwa ukuta na fundi matairi, mnajua kilichofuata.

Nilinunua ndugu yake SMG, ile ya kiraia inayofyatua moja moja, iliyokwishatumika. Roho ilitulia kwa wiki mbili. Wiki ya tatu nikaanza kupiga hesabu. Wakongwe wa hapa wanasimulia zama ambazo risasi za Kirusi za 7.62x39, saizi inayoliwa na bunduki hiyo, zenye ganda la chuma, zilimwagwa Marekani kwa senti ishirini na kitu kila moja. Agosti 2021 serikali ya Marekani ikatangaza kuzuia vibali vipya vya kuziingiza, kama adhabu kwa Urusi kwa kumpa sumu mwanasiasa wa upinzani Alexei Navalny, na bei ikapaa. Mimi, mgeni wa mambo, niliingia sokoni baada ya hapo. Nilikuwa nalipa zaidi ya nusu dola kwa risasi moja. Risasi mia zinaisha ndani ya nusu saa, dola hamsini na kitu zimegeuka moshi, na bado sijui kama nalenga vizuri au nabahatisha. Baada ya miezi minne nikairudisha kwa muuza bunduki mwenye leseni, kwa hasara, nikaanza upya kwa akili.

Kabla sijaendelea, neno kwa ndugu zangu mlioko huku. Dukani utajaza Fomu 4473, na jina lako litapitishwa kwenye mfumo wa ukaguzi wa FBI. Mwenye grini kadi anaruhusiwa na sheria ya shirikisho, ila aje na namba yake ya uhamiaji. Mwenye viza ya muda, ya masomo au ya matembezi, kwa kawaida haruhusiwi kumiliki, na mianya iliyopo ni ya kuulizia kwa wakili, si kwa rafiki kijiweni. Usimnunulie mtu kwa jina lako hata kama ni shemeji yako. Hilo ni kosa la jinai. Fomu inauliza pia kuhusu bangi, na kwamba jimbo limeiruhusu hakukusaidii. Kwa mhamiaji, uongo kwenye fomu hiyo unaweza kugharimu zaidi ya bunduki.

Sasa .22. Jina kamili ni .22 Long Rifle, risasi iliyoanza kutengenezwa mwaka 1887, na mpaka leo ndiyo shule ya kila mlenga shabaha. Kichwa chake kina uzito wa gramu mbili na nusu hivi. Haina teke, bega halijui kama umefyatua. Kiwashio chake hakiko katikati ya kitako cha ganda kama risasi kubwa, bali kimepakwa ndani ya ukingo wake, na pini ya bunduki inaubana ukingo huo ili iwake. Ndiyo sababu ni rahisi, na ndiyo sababu pia ganda halijazwi tena: likishapigwa ni chuma chakavu. Nilipokuwa nalipa nusu dola, sasa nalipa kama senti kumi.

Kwenye bunduki yenyewe nilivutwa huku na huku. Karibu kila mtu uwanjani alinisukumia Ruger 10/22. Imekuwepo tangu 1964, inajikoki yenyewe, magazini yake ya kuzunguka inaingia risasi kumi na kuzama yote ndani ya kitako, na vipuri vyake vimejaa kila duka mpaka mtu anaweza kubadilisha kila kitu akabaki na skrubu tu za asili. Niliazima ya mfanyakazi mwenzangu Jumamosi nzima. Ni tamu. Na utamu huo ndio ulionitisha, maana kidole kikizoea kwamba risasi inayofuata iko tayari, hakisubiri jicho. Nilimaliza risasi mia mbili kabla ya chai ya saa nne, na karatasi yangu ilionekana kama imepigwa na mvua ya mawe.

CZ 457, ya Wacheki wa Uherský Brod, niliishika dukani nikairudisha taratibu kama mtu anayerudisha mtoto wa wenyewe. Mbao nzuri, bolti (lile komeo la kukokia) laini. Bei yake ilikuwa mara mbili ya bajeti yangu.

Nilichonunua ni Savage Mark II, ya kitako cha plastiki, ya kukoki kwa mkono. Dola 250 na kodi juu. Sura haina, kitako kinalia kopo ukikigonga. Lakini ina vitu viwili ambavyo kwa bei hiyo sikuviona pengine. Cha kwanza ni kifyatulio chao wanachokiita AccuTrigger, ambacho mwenye bunduki anaruhusiwa kukipunguza ugumu wa kuvutwa mwenyewe, na kina kiulimi katikati kinachozuia bunduki kufyatuka ikigongwa. Cha pili ni mtutu. Mtutu wa bunduki hii ya bei ya simu ya kawaida unalenga kuliko mimi, na utaendelea kunishinda kwa miaka. Halafu kule kukoki kwa mkono kunanilazimisha nipumue. Nanyanyua bolti, navuta, ganda linaruka, nasukuma, natulia. Risasi mia zinanichukua asubuhi nzima, na kila moja naikumbuka.

Basi, nilidhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza naanza, kwa sababu bunduki ya .22 ina mdomo wa mtoto: inachagua chakula. Bunduki mbili zilizotoka kiwanda kimoja siku moja zinaweza kupenda risasi tofauti. Nilipuuza habari hii nikaenda kununua risasi za jumla, ndoo nzima, kwa sababu ziligawanyika kuwa senti sita kila moja. Jina la chapa sitalitaja, maana huenda mwingine zinamfaa. Mimi zilinipa risasi bubu tatu au nne katika kila mia: unafyatua, tik, kimya. Ikitokea hivyo usifungue bolti kwa hasira. Mtutu ubaki umeelekea kwenye shabaha, hesabu mpaka thelathini, ndipo utoe. Nyingine huchelewa tu, halafu zikawaka.

Lakini siku iliyonikatisha tamaa na ndoo ile ni siku risasi moja ilipolia *puf*, kama mtu aliyekohoa ndani ya blanketi. Nilikwisha kutoa ganda, mkono unarudisha bolti, mzee mmoja wa meza ya jirani akapiga kelele: "Acha, acha! Usifyatue!" Alikuja, tukaondoa magazini, akapitisha kijiti cha shaba ndani ya mtutu. Kikagota katikati. Kichwa cha risasi kilikuwa kimekwama humo, baruti haikuwa na nguvu ya kukitoa. Ningefyatua nyingine nyuma yake, mtutu ungevimba au kupasuka mbele ya uso wangu. Mzee yule nilimnunulia kahawa, na tangu siku hiyo nasikiliza kila mlio. Mlio ukipungua, nasimama.

Nilirudi dukani na mpango mwingine: viboksi vya hamsini hamsini, aina tano, hakuna ndoo. Siku isiyo na upepo nikaenda uwanja wa serikali ya jimbo ulioko Delaware, kaskazini mwa Columbus, nikaweka bunduki juu ya mifuko ya mchanga, yadi 50, karatasi safi kwa kila aina. Kitu kimoja nilifundishwa na ni muhimu: ukibadilisha aina, risasi kumi za kwanza usizihesabu. Vichwa hivi vimepakwa nta, na kila kiwanda kina nta yake. Mtutu unahitaji muda kuizoea mpya.

Zile za ndoo, kwa kumbukumbu tu, zilitawanyika inchi mbili. CCI Mini-Mag, ambazo zinatoka kwa kasi ya futi 1,235 kwa sekunde, ziliwaka zote bila kukataa hata moja, kundi la inchi moja na robo. Nazipenda kwa makopo na vibamba vya chuma. Aguila za Meksiko zilinishangaza kwa bei yake, ingawa moshi wake una harufu ambayo mke wangu aliinusa kwenye koti siku mbili. CCI Standard Velocity, futi 1,070 kwa sekunde, zilikusanyika kwenye upana wa sarafu ya robo dola. SK Standard Plus za Ujerumani ziliweka matundu matano ambayo ungeyafunika kwa kidole gumba, na karani wa duka akazifunika kwa bei: karibu mara mbili.

Mbona za polepole zimezishinda za kasi? Mzee wa kijiti cha shaba ndiye aliyenifafanulia. Sauti inakwenda kama futi 1,125 kwa sekunde kwenye hali ya hewa ya kawaida. Risasi inayotoka juu ya kasi hiyo hupungua njiani ikavuka mpaka wa sauti kabla ya kufika, na pale inapovuka hutikiswa. Inayotoka chini ya mpaka huo haina cha kuvuka. Bei yake ni kwamba inaanguka zaidi: ukiilenga sawa kwa yadi 50, kwenye 100 itakuwa chini inchi sita au saba. Kwangu si tatizo, yadi 50 zinanitosha kuonea haya.

Kwa hiyo sasa nanunua CCI Standard Velocity kwa "tofali," ndivyo wanavyoliita huku, boksi kumi za hamsini. SK naziweka kwa siku ya mashindano, na hapo naangalia namba ya toleo kwenye boksi. Ikipiga vizuri narudi haraka kununua yenye namba hiyo hiyo. Sirundiki kupita kiasi, ila siachi kabati tupu pia. Mwaka 2013 na tena 2020 risasi za .22 zilipotea madukani, watu wakipanga foleni alfajiri kama ya sukari.

Darubini nilitaka kubana matumizi nikakaribia kukosea tena. Darubini nyingi za bunduki kubwa zimewekwa sawa kwa yadi 100 au zaidi. Kwa yadi 50 ukisogeza jicho kidogo, msalaba unahama. Tafuta iliyoandikwa ni ya .22, iliyowekwa sawa kwa yadi 50. Yangu ilikuwa dola 60. Ila ukweli ni kwamba siku nyingi naivua na kutumia vilengeo vya chuma vilivyokuja na bunduki, kwa sababu vinaniambia ukweli kuhusu mikono yangu.

Kwa upande wa nyumbani, mke wangu aliuliza swali moja tu: "Baba watoto, hiyo inakaa wapi?" Hakuuliza bei. Kwa hiyo kabati la chuma lenye kufuli ni sehemu ya gharama, na risasi zinakaa kwenye sanduku lingine, ufunguo mwingine. Jambo la pili ni risasi kwa maana ya madini. Kiswahili kimetupa neno moja kwa vyote viwili, na si bure: vichwa vingi vya .22 ni madini hayo hayo ya risasi, ni sumu, na vumbi lake linashika kwenye vidole na nguo. Nanawa kwa maji baridi na sabuni kabla sijagusa hata chupa ya maji, na nguo za uwanjani hazichanganywi na za watoto.

Julai iliyopita nilijiandikisha Camp Perry, ufukweni mwa Ziwa Erie, ambako mashindano ya kitaifa ya bunduki yamekuwa yakifanyika tangu 1907. Kuna shindano la watu wa kipato chetu: bunduki ya .22 isiyozidi ratili saba na nusu, risasi 60, alama za juu 600. Unalala, unakaa, unasimama. Wenye bunduki ya kukoki kwa mkono huongezewa sekunde chache kwenye zamu ya haraka. Kulala nilikuwa mtu na watu. Kusimama nilitetemeka kama jani la mwembe. Nilipata 498.

Nilimtumia baba mdogo, kule nyumbani Sikonge, Tabora, picha ya karatasi yangu bora. Yeye enzi zake alikuwa na gobore, analishindilia baruti kwa mdomoni, anapata nafasi moja tu kabla nguruwe hajamaliza mihogo. Akanijibu kwa sauti, anaongea polepole kama anayetafuta namna ya kutoniumiza.

"Nimeiona, mwanangu. Matundu yako karibu karibu, vizuri. Sasa hiyo karatasi, ilikuwa inakimbia?"

Nikamwambia hapana, baba, ilikuwa imebanwa kwenye mbao.

"Na ulilipa?"