Play the Knave: Mchezo wa Kompyuta Unaomsimamisha Mtoto Jukwaani

Play the Knave ulibuniwa katika Chuo Kikuu cha California, Davis, nchini Marekani, kwa ajili ya kuigiza tamthilia za Shakespeare, mwandishi wa Uingereza, nami nimeutumia nyumbani kwangu Sinza, Dar es Salaam, pamoja na wapwa zangu watatu, wa miaka 9 hadi 13.

Mchezaji huchagua onyesho, mhusika na jukwaa, kisha husimama mbele ya Kinect, kamera inayofuatilia mienendo ya mwili. Akiinua mkono, mhusika wake kwenye skrini naye huuinua, huku maneno ya tamthilia yakipita kama ya karaoke ili ayatamke kwa sauti. Hapa hakuna adui wa kupigwa risasi. Mtoto anafanya kazi ileile ya mwigizaji, na hilo ndilo lililonivutia kuliko yote, kwa sababu tamthilia iliandikwa ichezwe.

Maneno hayo ni ya Kiingereza cha miaka 400 iliyopita, ambacho hata mimi hunichukua muda kukielewa. Kwa hiyo tulianza na Makbeth, tafsiri ya Kiswahili ya tamthilia ya Macbeth iliyofanywa na S. S. Mushi na kutoka mwaka 1968, tukaisoma jioni mbili mkekani, kisha watoto wakasimama kuwa wachawi watatu wanaomtabiria ufalme Macbeth, jemadari ambaye baadaye humuua mfalme wake, wakitamka Kiswahili kutoka kitabuni huku miili yao ikiwaongoza wahusika wa kwenye skrini. Mdogo wao, ambaye kwa kawaida huzungumza kwa kunong'ona, alijikunja mgongo na kutoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Walipomaliza, mkubwa akaniuliza: “Mjomba, kwani wachawi ndio waliomtuma aue, au alikuwa anataka mwenyewe?” Swali hilo ndilo moyo wa tamthilia nzima, na sikuwa nimemdokezea.

Mzazi anayetaka kuujaribu kwa njia hii ajue kwamba Microsoft iliacha kutengeneza Kinect mwaka 2017, hivyo atalazimika kutafuta iliyotumika. Yangu niliipata Kariakoo. Sebule nayo inahitaji nafasi, kwani tulitoa meza na makochi mawili ili watoto watatu waenee mbele ya kamera. Kwa mwalimu mwenye darasa pana, projekta na nakala chache za Makbeth, ningeupendekeza bila kusita. Sisi Jumamosi ijayo tunaingia kwenye karamu ya Macbeth, na mdogo ameshaomba awe mzuka wa Banquo, rafiki ambaye Macbeth aliagiza auawe.