Barua Yangu ya Kiswahili Ilivyorudishwa Kaunta: Uzoefu Wangu wa Kuomba Nakala ya OB

Barua yangu ilisukumwa ikarudi upande wangu wa kaunta kabla haijasomwa hata nusu, na sababu niliyopewa ni kwamba ilikuwa imeandikwa kwa Kiswahili. Nataka jambo hilo lieleweke kabla sijasema lolote lingine kuhusu huduma ya kuomba kumbukumbu katika kituo cha polisi hapa Kenya, kwa kuwa mengine yote, mazuri kwa mabaya, nimeyaona kupitia tukio hilo. Nimefundisha Kiswahili katika shule za msingi mpaka nikastaafu. Barua rasmi ni mada niliyoifundisha mwaka baada ya mwaka, na katika barua ile anwani zote mbili, mtajo na mstari wa KUH vilikuwa mahali pake.

Shida ilianza mwaka juzi, mvua zilipokuwa zinaanza, mtoto wa mdogo wangu alipogongwa na gari akiwa kwenye bodaboda yake. Mguu ulivunjika mahali pawili, na wakati dereva alipokuwa kituoni akitoa maelezo yake, kijana alikuwa tayari amelazwa. Mdogo wangu alifika kituoni jioni hiyo, akaandikiwa namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, nyuma ya risiti ya dawa, nasi tukaihifadhi risiti hiyo kama hati ya shamba. Baada ya miezi kadhaa tulianza kudai fidia, na abstrakti ya polisi, ile karatasi ya muhtasari wa ajali, tuliipata siku ile ile tuliyoiomba, hata nikarudi nyumbani nikiwasifu askari hao kwa majirani. Kisha kampuni ya bima ikatujibu kwamba gari lenye namba iliyoandikwa kwenye abstrakti halimo katika vitabu vyake. Kijana aliichukua karatasi, akaitazama kwa muda mrefu, akasema, "Mama mkubwa, herufi ya mwisho si hii."

Herufi moja ndiyo iliyotufikisha hapo. Wakili alitueleza kwamba anayeumizwa kwa uzembe wa mtu mwingine ana miaka 3 ya kufungua kesi ya madai, nasi tulikuwa tumekwisha kula sehemu kubwa ya muda huo kwa matibabu na kwa kungoja majibu ya bima. Alisema njia ya haraka ni kupata nakala ya kile kilichoandikwa usiku wa ajali katika kitabu chenyewe cha matukio, kwa sababu abstrakti hunakiliwa kutoka humo, na kosa la kunakili huonekana mara tu karatasi mbili zinapowekwa pamoja.

Kwa yeyote atakayefuata njia hii, naomba asipuuze namba ya OB aliyopewa. Namba hiyo si ya mfuatano wa kitabu kizima, bali huanza na nafasi ya tukio katika siku hiyo, kisha hufuata tarehe, mwezi na mwaka. Mtu akikumbuka ile namba ya kwanza peke yake, hana kitu, kwa kuwa kesho yake huanza kuhesabiwa upya. Mimi niliiandika namba yote, nikataja mahali pa ajali na saa ambayo mdogo wangu alifika kituoni, nikaeleza kwamba naomba nakala ya ukurasa wenye tukio hilo pekee, nikaambatisha nakala ya kitambulisho cha kijana na barua yake ya kuniruhusu nimwakilishe. Sikuacha pengo lolote la mtu kuniuliza namaanisha nini.

Aliyekuwa kaunta asubuhi hiyo ni konstebo kijana, aliyevaa nadhifu, na mwanzoni aliniitikia salamu vizuri.

"Hii ni barua ya nini, mama?"

"Ni ombi la nakala ya maandishi ya OB, afande. Namba na tarehe zipo hapo juu."

Macho yake yalishuka mistari michache, yakasimama. "Barua za ofisi huandikwa kwa Kiingereza. Nenda ikaandikwe upya."

"Mwanangu, Kiswahili ni lugha rasmi."

"OB si gazeti, mama. Na unaitaka ya nini? Wewe ni wakili?"

Nilimweleza kuhusu bima na herufi ya mwisho, jambo ambalo sasa najuta, kwa maana hakuwa na haki ya kuniuliza. Hakusubiri nimalize. Aliisukuma barua kwa vidole viwili, akatazama watu waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni, na akasema kwa sauti iliyowafikia wote, "Tafuta mtu anayejua Kiingereza akusaidie." Kisha akamwita aliyefuata.

Nimeishi na mwanzo wa uzee kwa subira, na nimevumilia mengi katika ofisi za umma, lakini maneno hayo yaliniingia mahali ambapo sikujua kuwa bado panaweza kuumia. Sikuudhika kwa kuwa alidhani sijui Kiingereza. Kilichoniudhi ni kwamba kwake lugha ya taifa ilikuwa ni kasoro katika karatasi, mfano wa doa la mafuta, na kwamba mama mwingine asiye na Kiingereza kabisa, ambaye mwanawe amegongwa vilevile, angeichukua barua yake na kwenda zake akiamini kwamba kosa ni lake. Siku hiyo kama ningeulizwa ningewapa nyota 1 kati ya 5, na hiyo moja ingekuwa ya abstrakti ya siku ile ya kwanza, ambayo nayo ilikuwa na kosa.

Usiku huo niliisoma Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kifungu cha 8 kinasema kwamba ombi litatolewa kwa maandishi, kwa Kiingereza au Kiswahili. Niliusoma mstari huo mara tatu, kisha nikamsomea mdogo wangu kwa simu. Kifungu cha 4 kinasema kwamba haki ya raia ya kupata habari haiathiriwi na sababu anayoitoa ya kuitaka, wala na kile ambacho ofisi inadhani kuwa ndiyo sababu yake. Hata ada hairuhusiwi kutozwa kwa kuwasilisha ombi. Kinachoweza kulipishwa ni gharama halisi ya kutoa nakala na kuifikisha. Na kabla ya sheria hiyo kuna Katiba ya mwaka 2010, ambayo Ibara yake ya 7 inataja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na tena mojawapo ya lugha rasmi 2, na Ibara ya 35 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Hakuna lililofichwa katika hayo. Yameandikwa wazi, na yule kijana aliapa kuilinda Katiba hiyo.

Nilirudi baada ya siku chache, kwa barua ile ile, bila kubadilisha hata nukta. Nilikuwa nimeongeza mstari mmoja tu chini, unaoonyesha kwamba nakala imepelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi tunaiita Ombudsman, na ambayo ndiyo iliyopewa kazi ya kusimamia sheria hiyo. Zamu ilikuwa imebadilika. Nilimkuta sajenti mmoja, mwanamke wa makamo, ambaye aliisoma barua yote akiwa amesimama, akanyanyua uso na kusema, "Mwalimu, hii imekamilika." Sikuwa nimemwambia kwamba mimi ni mwalimu. Aligonga muhuri kwenye nakala zote mbili, akaandika tarehe, jina na namba yake ya utumishi, akanirudishia moja.

Nakala hiyo yenye muhuri ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Ofisi ina siku 21 za kutoa uamuzi tangu ilipopokea ombi, au saa 48 ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, na inaweza kujiongezea muda mara moja tu, usiozidi siku 14, ikiwa kazi ya kutafuta ni kubwa au ni lazima wengine waulizwe kwanza. Wakinyamaza hadi muda upite, ukimya wao unahesabiwa kuwa ni kukataa, na hapo raia ana siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume. Asiye na muhuri hawezi kuonyesha siku hizo zilianza lini. Ndiyo maana kurudishiwa barua kaunta ni dhuluma kubwa kuliko kukataliwa kwa maandishi, kwa sababu aliyekataliwa kwa maandishi ana cha kushika mkononi, ilhali mimi siku ile ya kwanza nilitoka bila ushahidi wowote kwamba nilifika.

Sajenti huyo alinieleza pia jambo ambalo nalikubali kwa moyo wote: kwamba si kila kilicho katika kitabu hicho kinaweza kutolewa. Uchunguzi ukiwa bado unaendelea, au karatasi ikiwa na habari za faragha za watu wengine, wanaweza kukataa au kufunika baadhi ya maneno. Alizungumza nami kwa utulivu, akanipa kiti. Nilipotoka hapo nilikuwa tayari kuwapa nyota 4, na nilijiuliza kama nilikuwa nimemhukumu vibaya yule kijana, ambaye labda alikesha usiku kucha.

Simu ilipigwa siku 21 zikiwa karibu kwisha. Nakala ilikuwa ni ukurasa mmoja, mwandiko wa kalamu ya bluu, na matukio ya watu wengine yalikuwa yamefunikwa kwa karatasi nyeupe wakati wa kutoa nakala. Nililipia ukurasa huo mmoja, kiasi kidogo nisichoweza kukilalamikia. Namba ya gari ilikuwa katika mstari wa nne, imeandikwa vizuri, na herufi ya mwisho ilikuwa ni G. Kwenye abstrakti waliandika C.

Nilisimama nje ya lango nikiwa na karatasi hizo mbili mkononi, na furaha niliyotarajia haikuja. Ilinijia hasira upya, kali kuliko ya mwanzo, kwa sababu kitabu hicho kilikuwa hatua chache nyuma ya kaunta asubuhi ile niliposukumiwa barua. Konstebo angekifungua katika tarehe niliyoiandika kwa mkono wangu, akaiona G, na kijana wetu asingeongezewa majuma ya kungoja huku muda wa kesi ukiyeyuka. Nyota 4 nimeziondoa. Wakati mwingine nasema 2, na nikimkumbuka sajenti nasema 3, kisha naukumbuka mkono ule wenye vidole viwili na nashindwa kuandika namba yoyote. Huduma hii inafanya kazi kwa anayejua kifungu cha 8, na haikustahili kuwa hivyo, kwa kuwa anayehitaji OB mara nyingi ni mtu aliyetoka kuibiwa, kugongwa au kupigwa, na hana nafasi ya kukaa usiku akisoma sheria.

Ibara ile ile ya 35 inampa mtu haki ya kudai habari zisizo za kweli zinazomhusu zisahihishwe, kwa hiyo niliandika barua nyingine kuomba abstrakti irekebishwe, nikaiambatisha nakala ya ukurasa wa OB na kuizungushia ile G kwa penseli. Nilipofika kituoni wiki iliyopita, aliyekuwa kaunta ni yule konstebo. Alinitambua, niliona jinsi alivyoinamisha macho. Hakuomba radhi, nami sikumdai. Niliziweka mbele yake nakala mbili za barua, zote kwa Kiswahili, akazisoma hadi mwisho bila kuniuliza nazitaka ya nini, akavuta muhuri, akagonga ya kwanza, akagonga na ya pili.