Doctor Who spesho ya Krismasi 2024: mwaka mmoja mtamu, mengine yote vurugu

Jamani hii kitu imenikaa moyoni tangu siku niliyoiangalia na mama, ngoja niiseme tu. Mi nipo Moshi, nafanya kazi mapokezi kwenye hoteli ya wageni wanaopanda mlima, na Doctor Who naifuatilia tangu niko sekondari. Ni sizoni ya Uingereza iliyoanza 1963, ikasimama miaka mingi ikarudi 2005, stelingi anaitwa Doctor, anasafiri kwenye nyakati tofauti, akifa anageuka mtu mwingine alafu safari inaendelea. Kwenye hii spesho stelingi ni Ncuti Gatwa, kijana mzaliwa wa Rwanda, sa unaelewa kwanini nilimwita mama nikamwambia njoo umuone mtoto wa jirani.

Ilikua 27 Desemba, nyumbani kumejaa, ndugu wote wameshapanda kutoka Dar, sufuria la mtori bado liko jikoni. Dogo wa muvi pale mjini aliniwekea hiyo spesho, jina lake Joy to the World, kwenye flashi kwa buku. Haijatafsiriwa, kwahiyo mtafsiri nikawa mimi, na hapo ndo nilipoliona tatizo.

Mwanzo mzuri kabisa. Kuna hoteli ya mwaka 4202 ambayo milango yake inatokea kwenye nyakati zilizopita, na ule mlango wa ziada unaoukuta chumbani hotelini umefungwa siku zote, wanakwambia ndo wenyewe. Nina miaka sita kwenye hii kazi, vyumba vyetu vya familia vina mlango huo na wageni hawachoki kuuliza unaenda wapi, nilifurahi mpaka nikapiga makofi. Alafu inaingia brifkesi. Inamfunga mtu pingu mkononi, inamtawala akili, akimpa mwenzake yeye anakufa, ndani kuna mbegu ya nyota ya kampuni ya silaha, na inataka namba za siri. Namba anakuja kuzitaja Doctor mwenyewe, ila yule wa baadae. Mama akauliza, "Na yeye kazitoa wapi?" Nikamwambia alizisikia kwake mwenyewe. "Na huyo mwenyewe kaambiwa na nani?" Nikakosa jibu, nikarudisha nyuma tukaangalia tena, bado sikulipata.

Sasa sikia. Ili mambo yakae sawa inabidi Doctor abaki London mwaka mzima, hana chombo chake cha kusafiria, hana hela, anapiga kazi za ufundi kwenye hoteli ndogo ya kawaida na bosi wake pale ni dada wa mapokezi anaitwa Anita, ameigiza Steph de Whalley. Hapa sikutafsiri kitu. Wanakaa kwenye viti jioni wanapiga stori, siku zinaenda, anarekebisha hiki anarekebisha kile, na huyu mtu ambaye miaka yote anakimbia tu anajifunza kutulia sehemu moja. Nawajua mimi watu kama Anita. Mgeni anakaa wiki, anashuka mlimani anakukumbatia kama ndugu, kesho yake asubuhi gari ya eapoti imefika na wewe umebaki umeshika funguo yake. Siku ya kuagana mama alikua ameacha hata chai yake, akasema taratibu, "Huyu binti ameshampenda." Yaani bila kujua neno la Kiingereza.

Ni dakika chache mno alafu brifkesi inarudi, inamezwa na dinosaria, inapita miaka milioni 65, mi natafsiri nasikia kabisa ninachosema hakieleweki.

Kilichoniuma zaidi ni Joy, yule dada aliyefungwa na brifkesi. Mama yake alifariki hospitali Krismasi ya 2020 kipindi cha Korona, akamuaga kwenye skrini kwasababu kuingia hairuhusiwi. Sisi mjomba wetu alifia nje mwaka huohuo, tulimuaga kwenye simu tumekaa wote sebule hiyohiyo, kwahiyo palipofika hapo hakuna aliyeongea. Na Nicola Coughlan aliyemuigiza Joy analia kweli. Lakini Doctor anauchokonoa ule msiba makusudi ili Joy apandwe hasira aachiwe na brifkesi, hatujameza mate dada ameshakua nyota anapaa, na mwisho kabisa wanatuonyesha ni Bethlehemu. Mama akauliza, "Nyota ya mamajusi ndo huyu dada?" Hakukasirika, aliinuka tu akaenda jikoni. Msiba ule ulitakiwa upewe muda ukae, na epsodi imebeba jina la Joy wakati katikati yote hayupo.

Mwandishi ni Steven Moffat, na najua anaweza kwasababu spesho ya Krismasi ya 2010 aliandika yeye, ile ya tajiri bahili Michael Gambon na samaki wanaoelea hewani, vituko kibao ila vyote vinamzunguka mzee mmoja na moyo wake. Hii naipa nne kwa kumi na zote nne ni za Anita.

Asubuhi mama ananimenyea ndizi ananiuliza, yule wa mapokezi aliishia wapi? Nikamwambia kapata kazi kwenye ile hoteli ya milango. Akasema, "Afadhali."