Technical Writing One ya Google, kwa anayeandika Kiswahili ofisini

Kozi hii ya mtandaoni ya uandishi wa kiufundi iliandaliwa kwa ajili ya wahandisi wa Google wenyewe, kisha ikafunguliwa kwa umma mwaka 2020. Ni bure. Sehemu kubwa ni maandishi na mazoezi mafupi, kwa hiyo haili bando kama kozi za video. Kiingereza chake ni chepesi, ila mifano karibu yote ni ya programu za kompyuta, na hapo ndipo karani, afisa miradi au mhasibu anapokata tamaa kwenye ukurasa wa tatu na kusema haimhusu. Inamhusu sana. Asichoambiwa ni wapi asome kwa makini, wapi aruke, na wapi Kiswahili chake kina mtego ambao kozi haiugusi kabisa.

Soma kwa makini sura za maneno, kauli ya kutenda, sentensi zilizo wazi, sentensi fupi, orodha, na hadhira. Ya aya ni fupi lakini ina kanuni ya kukumbuka: aya iwe na sentensi 3 hadi 5, na ya kwanza ibebe hoja. Alama za uandishi zipitie haraka. Markdown, yaani njia ya kupanga maandishi kwa alama chache rahisi, iruke, isipokuwa kama kazi yako inaitumia.

Sura ya sentensi zilizo wazi inataka vitenzi vyenye nguvu, na ushauri huo unaingia kwenye Kiswahili cha ofisini kama mkono kwenye glavu yake. Tumezoea kuandika "kufanya ukaguzi", "kutoa maelekezo", "kufanya malipo". Andika kukagua, kuelekeza, kulipa. Pitia barua yoyote uliyoandika mwezi huu, pigia mstari kila "kufanya" na "kutoa", na utaona nusu yake zinaondoka bila maana kupungua.

Chukua barua pepe ya aina hii, ambayo kila ofisi inaijua:

"Rejea somo tajwa hapo juu. Napenda kukujulisha kwamba kumekuwa na changamoto ya ucheleweshwaji wa malipo ya wazabuni ambapo hundi zimechelewa kusainiwa na hivyo inashauriwa kwamba hatua stahiki zichukuliwe mapema iwezekanavyo ili kuepusha usumbufu."

Ikipitishwa kwenye kanuni za kozi inakuwa hivi:

"Wazabuni watatu hawajalipwa fedha za Machi. Hundi zao ziko kwa mhasibu mkuu tangu tarehe 4. Hajazisaini kwa sababu hati za kupokelea mizigo hazijaambatishwa. Stoo ilete hati hizo uhasibuni kabla ya Ijumaa saa 6 mchana."

Hesabu maneno: idadi ni karibu sawa. Wengi wanaomaliza kozi hii wanadhani wamefundishwa kufupisha, wakaanza kutuma barua pepe kavu za mstari mmoja ambazo hazimsaidii mtu. Kilichobadilika hapo juu ni kwamba sasa kuna nani, ngapi, lini na kwa nini. "Hatua stahiki" haikuwa na mwenyewe, stoo inajijua.

Tuje kwenye mtego. Kozi inakufundisha kugeuza kauli ya kutendwa iwe ya kutenda, na kwa Kiingereza hilo mara nyingi linatosha. Kiswahili kina mlango wa pili wa kumficha mtendaji: kauli ya kutendeka. "Rekodi za mishahara zimefutika." Hapa huwezi hata kuongeza "na fulani" mwishoni, sarufi yenyewe inakataa. Printa imeharibika, kikao kimevurugika, mkataba umevunjika. Mtu anaweza kufuata kozi neno kwa neno, akafuta kila -wa, na ripoti yake bado isiseme nani alifanya nini. Kwa hiyo ongeza hatua yako mwenyewe: ukimaliza kusahihisha, tafuta vitenzi vinavyoishia na -ika na -eka, na kwa kila kimoja jiulize kama mtendaji anajulikana. Akijulikana na taarifa inamhitaji, mtaje. Ikiwa barua inakwenda kwa watu ishirini na kosa ni dogo, iache ilivyo. Kumhifadhia mwenzako heshima ni sehemu ya uandishi mzuri kazini.

Kwenye viwakilishi, hali ni tofauti kidogo. Kozi inaonya kuhusu viwakilishi visivyojulikana vinarejea nini, na ngeli zetu zinatuokoa mara nyingi. Haziwezi kutuokoa kwenye I-ZI, na ofisi imejaa I-ZI: ripoti, hundi, barua, risiti, hati, fomu, bajeti. "Hundi na risiti zimefika lakini imekosewa tarehe." Ipi? Rudia nomino, hata kama unaona unajirudia.

Sura ya orodha ndiyo yenye faida ya haraka kuliko zote. Namba zitumike pale mpangilio ni muhimu, vitone pale si muhimu, na vipengele vyote viwe na umbo moja. Kosa la kawaida kwenye maelekezo yetu ni kuanza na "Jaza fomu", kisha "Kuambatisha nakala", kisha "Sahihi ya msimamizi". Cha tatu hakisemi nani anatafuta sahihi hiyo, mwombaji au ofisi, na fomu zinarudi bila kusainiwa. Jaza, ambatisha, peleka kwa msimamizi asaini.

Kuna pengo kubwa ambalo lazima lisemwe: kozi haifundishi barua. Hutapata kumbukumbu namba, "Yah:", k.n.y., mpangilio wa muhtasari wa kikao wala yatokanayo. Haigusi salamu pia, nasi hatuanzi na ombi bila kujuliana hali. Mstari mmoja wa salamu unatosha, kisha ombi lifuate hapohapo, lisisubiri aya ya tatu. Mambo hayo utayachukua kwenye faili la ofisi yako na kwa katibu muhtasari mzoefu.

Kwenye mazoezi, jibu limefichwa chini ya swali na linafunguka kwa kubonyeza. Ukilifungua kabla ya kuandika lako, utakubali kila kitu na hutakumbuka chochote. Andika kwenye karatasi kwanza. Technical Writing Two ni ya hiari: soma kujihariri na kupanga hati ndefu, acha sehemu ya mifano ya msimbo wa programu za kompyuta. Ushauri wake wa kusoma rasimu kwa sauti unafaa sana kwa Kiswahili, maana sentensi yenye "ambapo" tatu inakukatisha pumzi kabla hujafika nukta.

Usitarajie cheti. Lakini maandishi ya kozi yana leseni ya Creative Commons inayoruhusu kuyatafsiri na kuyachapa mradi utaje chanzo, kwa hiyo idara inaweza kuchukua sura ya orodha na ya hadhira, kubadilisha mifano iwe fomu zake yenyewe, na kuwafundisha watu kumi kwa mchana mmoja.