Kulinda popo: nondo za mgodini au macho ya kijiji?

Ulaya na Marekani wako popo wanaolala majira yote ya baridi ndani ya migodi iliyoachwa. Kuwalinda, mlangoni huwekwa geti la nondo za chuma zilizolazwa, zikiachana kama sentimita 15: popo anapita, mtu hapiti. Popo aliyelala huishi kwa mafuta ya mwilini, na kila akishtuliwa huyachoma bure, hata akafa njaa kabla wadudu hawajarudi. Geti halichoki wala halidai mshahara. Ila ugonjwa wa pua nyeupe, unaoletwa na ukungu na ulioonekana New York mwaka 2006, haujali kufuli. Popo huambukizana wenyewe.

Sasa njoo kijiji cha Kidike, Pemba. Popo wetu, ambaye hapatikani kwengine duniani, mabawa yake yakikunjuliwa hufika mita 1.6, na mchana hujining'iniza mitini, nje peupe. Nondo utazifunga wapi? Mwishoni mwa miaka ya 1980 alikaribia kutoweka kwa kuwindwa kitoweo na kukatiwa misitu. Leo wanahesabiwa kwa maelfu. Kinga ni wanakijiji wenyewe, na wageni hulipa kiingilio. Udhaifu wake ni huo huo: msimu wageni wakikosekana, mfuko nao unapwaya.

Unguja je, kwa popo wa mapango ya mawe ya matumbawe? Hapo ningesita kuleta fundi wa kuchomelea. Mapango mengine watu huchota maji, mengine wana mizimu yao. Ukifunga geti bila shauri la wazee, kufuli litavunjwa kabla ya Ijumaa. Mimi nachagua njia ya Kidike.